Maswali yenu: Likizo ya Juni na darasa la maigizo

Likizo ya Juni hiyo inabisha hodi na swali ni lilelile la kila mwaka, mtoto akae nyumbani anakodolea simu au apelekwe wapi. Safari hii wengi mmeulizia madarasa ya maigizo, na kwa kuwa kila Juni nafundisha watoto kuigiza kwenye kiukumbi cha kukodi huku Makole, Dodoma, mhariri kanitupia bahasha nzima. Mengine nimeyafupisha, msinune.

*Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 11, ni mkimya mno, wageni wakija anakimbilia jikoni. Juzi kaniambia anataka darasa la maigizo, mi nikacheka nikajua utani, kumbe yuko siriasi. Naogopa ataenda kuaibika mbele ya wenzie wachangamfu. Nimpeleke?*
*Mama wawili, Nkuhungu*

Marahaba mama. Mpeleke, ila kwanza kamuombe radhi kwa kile kicheko maana watoto wa hivyo hawasahau.

Alafu nikwambie kitu, wanaonitoa jasho darasani siyo wakimya. Ni wale wachangamfu, yule anayejua kila kitu cha TikTok, nyumbani wanamuita staa, basi akisimama na mwenzie kwenye igizo hasikii anaambiwa nini, anasubiri zamu yake tu aongee, saa nyingine anamkatisha kabisa. Huyo namfundisha kunyamaza na inachukua wiki nzima. Mkimya keshazoea kusikiliza, na kuigiza sehemu kubwa ni hiyo, unamjibu mwenzio vile alivyokwambia saa hiyo, siyo vile ulivyokariri jana usiku kitandani.

Kinachobaki kwake ni sauti, na sauti inafundishika. Kuna binti nilikuwa naye juzijuzi hapa, alikuja na sweta la shule kalivuta mpaka vidole havionekani, ukimuuliza jina analiambia sweta. Nikamlaza kwenye mkeka chali, daftari juu ya tumbo, nikamwambia vuta pumzi daftari lipande, toa lishuke, mabega yasicheze. Siku mbili hiyohiyo tu. Siku ya tatu tukaenda kwenye mchezo wangu wa zabibu.

Si mnawajua wauza zabibu wa stendi wanavyopenya kati ya mabasi? Basi mtoto mmoja ni abiria, kakaa mwisho wa ukumbi kwenye kiti cha plastiki, mwingine yuko ukuta wa huku na beseni tupu, anauza. Masharti ni mawili, hupigi kelele na husogei. Abiria ananyoosha mkono akisikia kila neno, asiposikia hanunui. Sasa angalia kinachotokea, karibu wote wanasikika mwanzo na wanapotelea mwisho. Kwenye Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, mtoto akishaikanyaga hiyo anajiona kafika, pumzi imeisha, silabi ya mwisho inadondokea kifuani. "Zabibu tamu hizi, elfu ta..." Tatu au tano? Abiria kakaa tu anamuangalia.

Yule binti alirudia mara nne. Hakupandisha sauti hata kidogo, alichofanya ni kubakiza pumzi mpaka mwisho, "elfu tano", ile "no" ikavuka ukumbi mzima ikafika, na mkono ukanyooka kule mwisho. Alivyogeuka kuniangalia nikajua ashamaliza kazi yeye mwenyewe.

Ila nisikudanganye mama, wageni wakija anaweza kuendelea kwenda jikoni, ndo alivyo. Tofauti ni kwamba wakimuita atatoka na watamsikia.

*Mwalimu, kijana wangu yuko Form Two, mtihani wa taifa uko mwisho wa mwaka. Mama yake anataka likizo aende maigizo badala ya tuisheni. Hivi hii si kupoteza muda? Na izo "samaskuli" si mambo ya Wazungu?*
*Baba Kisasa*

Kaka, kama kijana hesabu zinamlaza njaa mpeleke tuisheni, mi utaniletea Desemba. Sina ujanja wa kusema maigizo yatampandisha hesabu. Ila madarasa mengi ya likizo ni masaa mawili au matatu kwa siku, anatoka saa sita, mchana wote ni wako na tuisheni yako. Kwa hiyo "badala ya" hiyo mmeitengeneza wenyewe hapo sebuleni, hebu kaeni tena na mama muongee.

Hilo la Wazungu ngoja nilijibu kidogo. Wao huko Julai na Agosti ndo jua lao, huku kwetu Juni ni baridi na upepo wa Dodoma mnaujua, watoto wangu wanafanya mazoezi na masweta, sasa hiyo "sama" iko wapi. Kuwakusanya wanafunzi likizo waigize wao wanako kweli, Uingereza mwaka 1956 mwalimu mmoja Michael Croft aliwachukua wavulana wa shule wakaigiza Shakespeare wakati wa likizo, ndo ikazaliwa National Youth Theatre ya London ambayo ipo hadi leo. Lakini bibi yako akisema "Paukwa!" na nyie wote "Pakawa!" alikuwa anafanya nini? Alikuwa anahakikisha mnasikiliza kabla hajaanza, na alivyofika kwa fisi alibadilisha sauti, alivyofika kwa sungura akabadilisha tena, na kaniki yake ikawa ngozi ya chui. Mi naanza kila kipindi hivyohivyo, sijaagiza kutoka nje.

*Mambo mwalimu, mi niko Form Three, nataka kuwa muigizaji wa bongo muvi. Naweza kulia machozi ya kweli ndani ya dakika moja, nimejirekodi video nyingi. Kuna watu wametangaza usaili likizo hii, fomu elfu hamsini alafu "mafunzo ya siri" na dairekta. Nilipe?*
*Staa mtarajiwa, Area C*

Poa mdogo wangu. Usilipe.

Mi mwenyewe nikiwa na umri wako nililipa. Kundi moja hivi lilikuja na kamera kubwa na begi la waya, tukajaza fomu, tukapangwa mstari juani, tukaambiwa subirini simu. Kamera ile sikuona ikiwashwa hata mara moja na simu hiyo nadhani bado inakuja. Hela ilikuwa ya viatu vya shule, nikarudi muhula uliofuata na viatu vya kaka vinavyonipwaya, nikitembea vinapiga kofi.

Lakini hela si kitu, kilichonishtua kwenye barua yako ni "mafunzo ya siri". Hakuna mafunzo ya kuigiza ya siri, kazi yenyewe ni ya kuonwa na watu sasa siri ya nini. Mwalimu wa kweli anafundishia kwenye chumba cha wazi, mzazi akichungulia mlangoni anakaribishwa kiti, wasichana wana sehemu yao ya kubadilishia nguo, hakuna anayekurekodi bila mzazi kujua, na zoezi lolote la kugusana unaulizwa kwanza na ukisema hapana ni hapana, hununiwi. Mtu mzima akikuita peke yako eti anakufundisha hisia, ondoka ukamwambie mama. Na ukishindwa kumwambia mtu wa nyumbani ipo namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure.

Haya sasa machozi. Pongezi kwa machozi ila hayatakufikisha mbali. Huwa nawapa wanaokuja na kipaji chako zoezi moja: umetumwa unga, umepewa noti ya elfu kumi, umefika dukani huioni. Mara ya kwanza wote wanalia, mikono kichwani, "mamaaa nimekwisha", na sisi tuliokaa tunaangaliana tu. Alafu naificha noti ya kweli, namwambia itafute, usipoipata leo hatuli chapati. Hapo anabadilika. Anapapasa mfuko, anapapasa tena uleule, anavua kiatu, anasimama katikati ya chumba anakumbuka alipopita, midomo inacheza kimyakimya anahesabu hatua. Hata chozi moja hamna ila watoto wengine washaanza kuinuka kumsaidia, mmoja mpaka anainua mkeka.

Zoezi la namna hii asili yake ni kwa Mrusi mmoja Konstantin Stanislavski, kafa 1938, alikuwa anawauliza waigizaji wake: je, kama ingekuwa wewe? Hakuwauliza unajisikiaje, alitaka wajue wangefanya nini. Jirekodi ukitafuta kitu kimepotea kweli, ulinganishe na zile video zako za kulia, utaona mwenyewe.

Na jukwaa usilidharau kwa sababu ya kamera, marehemu Kanumba mwenyewe kabla hajawa Kanumba wa filamu alipita kwenye kikundi cha maigizo cha Kaole. Ukimaliza Form Four na bado moto haujazimika kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 kikawa taasisi 2007. Usidhani ni mbali na kwenu, Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa hukuhuku Dodoma, alikaa chuoni pale miaka mingi na zeze lake na malimba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 60.

*Habari mwalimu mwenzangu. Mimi ni mwalimu wa msingi huku Kongwa. Natamani likizo nianzishe darasa la maigizo kwa watoto wanaobaki kijijini, ila sina ukumbi, sina skripti, sina hata spika, nina mbuyu na watoto wapata arobaini. Nianzie wapi?*

Salama kabisa, na hilo swali nimelipenda kuliko yote, wengine mtanisamehe.

Arobaini ni wengi, wagawe ishirini asubuhi ishirini jioni. Skripti achana nayo kwanza, anza na ngonjera, kila mtoto wa shule anaijua, wawili wanabishana kwa mashairi mbele za watu, tayari hilo ni igizo. Na waambie aliyeivumisha ngonjera ni mtu wa kwao, Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa 1917 hapahapa Dodoma, watoto wakisikia hivyo wanasimama tofauti kabisa. Shida ya ngonjera za shule ni kwamba watoto wanaikariri wakiangalia mbele kama wanajeshi, mikono inapanda na kushuka pamoja. Wageuze. Waangaliane. Mwambie wa pili asijibu mpaka amemuelewa wa kwanza, na ukiona kajibu harakaharaka mrudishe. Wakishaizoea waambie wabishane jambo lilelile kwa maneno yao wenyewe bila mashairi, mfano nani mwenye zamu ya kuchota maji, unaandika wanachosema kwenye daftari, hiyo ndo skripti yako. Na kama kuna kina mama wanaojua kupiga muheme waombe waje hata siku moja, watoto wakishika mapigo ya zile ngoma huhitaji tena kuwafundisha kuingia jukwaani kwa pamoja.

Sasa mbuyu. Upepo wetu wa Juni unatokea upande wa mashariki, kwa hiyo waigizaji wasimame mashariki mwa uwanja na watazamaji magharibi, upepo utawabebea sauti badala ya kuwarudishia mdomoni. Na ukiweka onyesho kama saa kumi na moja jioni jua litakuwa mgongoni kwa watazamaji, linawamulika waigizaji usoni, taa ya bure hiyo. Ukichelewa sana linawachoma macho, kwa hiyo jaribu siku moja kabla saa ileile. Nguo ni kanga na magunia. Mlango chora chini kwa kijiti, na atakayepita kwenye ukuta arudi kupitia mlangoni, wenyewe kwa wenyewe watakamatana.

Mbuzi watapita, hilo lihesabie. Usisimamishe igizo. Sisi mwaka mmoja tulikuwa tunaigizia nje kijiji cha jirani, kesi ya shamba, mara kundi zima likaingia katikati ya mahakama na kengele zao. Mwenye zamu ya kuongea akaganda. Mtoto wa darasa la nne aliyekuwa hakimu, ambaye kwenye skripti alikuwa na mistari miwili tu, akawaangalia wale mbuzi taratiibu mpaka wa mwisho, akamgeukia karani: "Andika, mashahidi wa mlalamikaji wamefika."

Kesi haikuendelea tena siku ile.