Kabla ya kuchagua sahani ya trela, peleka pikapu yako kwenye mizani

Tafadhali usilipe hiyo arbuni. Umeandika kwamba una pikapu ya kabini mbili, kwamba unataka kufungiwa ndani ya bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kupakia, ile sahani ya kuvutia trela ambayo mafundi wa malori huiita fifthi wili, ili usafirishe nyasi kutoka Naivasha hadi Kitengela, na kwamba fundi amekushauri uchukue sahani ya lori kuukuu kwa sababu "ikiwa inabeba kontena haiwezi kushindwa na nyasi." Umeuliza uchague ipi kati ya sahani isiyosogea na ile inayoteleza, bei ya haki ni ngapi, na kama ni afadhali kuchomelea au kufunga kwa bolti. Mimi niliambiwa sentensi hiyo hiyo ya kontena miaka minne iliyopita, nikaiamini, na ikanipotezea chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima.

Sahani ya lori haikuvunjika, wala haikutarajiwa kuvunjika kwa mzigo mdogo kama ule. Pini ya trela, ile inayoingia kwenye sahani, ni ya inchi 2 inayotumika kwenye matrela mengi, kwa hiyo iliingia na kujifunga vizuri, nami nikadhani kazi imekwisha. Kilichokuwa chini ya sahani ndicho ambacho hakuna aliyekipima. Aliyeniuzia trela alinifungulia kitabu cha gari langu akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba linaweza kuvuta kilo 3,500. Trela lilikuwa na kilo 800 likiwa tupu, na marobota 120 ya nyasi ya takriban kilo 15 kila moja yanafanya kilo 1,800, jumla kilo 2,600. Nilijiona nimebakisha nafasi ya karibu tani nzima.

Namba ile ni ya kuvuta, na trela la aina hii haliishii kuvutwa tu. Trela la kawaida la kushikwa kwa mpira wa chuma nyuma ya bampa huweka juu ya gari takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, lakini hili la sahani huweka kati ya asilimia 15 na 25, na uzito huo wote unahesabiwa kama mzigo uliopakia kwenye bodi, sawasawa na magunia ya saruji. Kwa hiyo swali la kwanza ni gari lako limebakiwa na kilo ngapi za kubeba baada ya wewe, wenzako, mafuta na chuma chote ulichofungiwa kuingia ndani yake. Kitabu hakiwezi kukujibu, kwa sababu kitabu hakikujui wewe wala vijana wako wawili wa kupakia.

Mimi nilipima baada ya hasara, na hesabu ilikuwa hivi. Kibati cha gari langu kilisema uzito wa mwisho unaoruhusiwa ni kilo 2,950. Gari tupu lilikuwa kilo 2,080, sisi watu watatu kilo 230, sahani ya lori pamoja na fremu yake kilo 180. Tayari ni 2,490, na nimebakiwa na 460. Tulipolirudisha kwenye mizani likiwa limeunganishwa na trela lililojaa, magurudumu ya pikapu peke yake yakiwa juu ya mizani, ilisoma 3,130. Yaani pini ilikuwa imeweka kilo 640 mgongoni mwa gari lililokuwa na nafasi ya 460. Hata kama tungepanga marobota kwa uangalifu hadi pini ishuke kufikia asilimia 20, zingebaki kilo 520, na bado ningekuwa nimezidisha.

Kisha kuna jambo la mahali sahani inapokaa, na hapa ndipo hasira yangu kwa fundi aliyenifungia sahani haijaisha. Sahani inapaswa kukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Bodi ya kabini mbili ina urefu wa takriban mita moja na nusu tu, na kwenye gari langu, kutoka katikati ya ekseli hadi ukuta wa kabini kulikuwa na sentimita 55. Trela lenye upana wa mita 1.8 lina bega la sentimita 90 kila upande wa pini, kwa hiyo ukikata kona kali bega hilo linaingia kwenye kioo cha nyuma. Fundi aliliona tatizo hilo. Dawa yake ikawa kuisogeza sahani sentimita 40 nyuma ya ekseli, na gari lilipoinama akaongeza bapa mbili kwenye springi ili likae sawa, akaniambia sasa limeimarika. Hakuniambia kwamba kwa kuisogeza vile, kila kilo 100 za pini ziliongezea ekseli ya nyuma takriban kilo 113, huku zikiinyanyua pua ya gari kwa kilo 13. Hakuniambia pia kwamba springi ngumu haziongezi nguvu ya chesisi hata kidogo. Zinauficha mzigo machoni pako, na chesisi ndiyo inayopinda badala ya springi. Mtu anayelipwa kwa kazi ya chuma anapaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Safari ya sita tulitoka Naivasha jioni. Baada ya Mai Mahiu, tukipanda kuelekea Rironi, usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari lililo juu ya jeki, na taa zangu zilikuwa zinamulika ukungu juu ya barabara badala ya lami. Kila tuta lilitupa kishindo kutoka nyuma ya viti. Tuliposimama Rironi, kijana mmoja aliniita nije nione. Nafasi kati ya kabini na bodi, ambayo siku zote ilikuwa sawa kutoka juu hadi chini, sasa ilimeza ngumi yangu kwa juu, na chini haikuingiza kidole. Bodi ilikuwa imelala nyuma. Mlango wa nyuma wa kushoto ulihitaji kuinuliwa ndipo ufungwe. Nililala kwenye lami na tochi nikaona rangi imekatika kwenye chesisi kwa mikunjo midogo, karibu na ushikizo wa mbele wa springi.

Kunyoosha na kuimarisha kulinigharimu shilingi 280,000, na gari halikurudi kuwa lilivyokuwa. Kampuni ya bima ilikataa kulipa kwa sababu sikuwa nimewajulisha kuhusu mabadiliko hayo, na kwa hilo sina la kuwalaumu.

Sasa, kuhusu inayoteleza: hiyo husogea nyuma unapokata kona polepole, kisha hurudi juu ya ekseli kabla ya kushika barabara, na kwa bodi fupi ndiyo pekee ningeifikiria. Lakini pima kwanza. Kwa sentimita zangu 55, hata ikisogea 30 unapata 85, na bega la 90 bado linagonga, isipokuwa trela liwe na pua iliyochongwa pembeni. Vifaa vingi vya aina hii hutoka Marekani, ambako bodi za pikapu za kazi hufika mita 2.4. Usichomelee chochote kwenye chesisi, kwa kuwa moto huidhoofisha pale pale panapobeba. Funga kwa bolti. Na trela lipite kilo 750 bila breki zake lenyewe? Hapana.

Nenda kwenye mizani yoyote ya kulipia, hata ya wanunuzi wa vyuma chakavu, tangi likiwa limejaa na vijana wako wakiwa ndani. Toa uzito huo kwenye namba ya kibati, utoe pia uzito wa sahani, kisha ulinganishe kilichobaki na robo ya uzito wa trela lililojaa. Ikiwa hakitoshi, usitafute sahani nyingine. Tafuta trela dogo zaidi la kushikwa kwa mpira, au pikapu ya kabini moja yenye bodi ndefu, au kodi lori dogo kwa msimu wa nyasi. Mimi sasa hukodi. Ukishapima, andika hapa kilo ulizobakiwa nazo, upana wa trela, na sentimita kutoka katikati ya ekseli hadi kabini, nami nitaifanya hesabu pamoja nawe kabla hujampigia huyo fundi.