Kamera ya kwanza: bodi (kamera bila lenzi) yoyote nzima, lenzi ndiyo uichague

Mkuu, umesema una milioni moja na laki mbili, unataka kupiga picha za familia na sherehe, na dukani wanakusukumia kamera mpya yenye lenzi yake ya 18-55 (hizo ni milimita; namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta karibu zaidi). Mimi nilianzia hapo hapo, Tanga, mwaka 2017.

Nilinunua Canon 700D ya mtumba na lenzi kama hiyo. Mchana, ufukweni, picha zilikuwa safi sana. Kisha binamu yangu akaniomba nimpige sendofu yake. Ukumbi ulikuwa na taa za zambarau, hafifu. Nikivuta hadi 55, tundu la lenzi la kupitishia mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, picha zikajaa chenga, na bado kila aliyetikisika alitoka na ukungu. Ile ya binamu akimlisha mama yake keki sikuipata. Inaniuma mpaka leo.

Nikadunduliza, nikanunua 50mm f/1.8. Tundu hilo hupitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Bodi ile ile, ukumbi ule ule, sasa nyuso zinaonekana! Tatizo likawa nafasi: sensa ya 700D, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo 50 inabana kama 80 kwenye kamera ya sensa kubwa. Sebuleni ilinibidi nirudi nyuma hadi barazani ndipo watu wanne waingie.

Ndiyo maana wewe nakushauri Nikon D3400 au D5300 iliyotumika, pamoja na lenzi ya 35mm f/1.8G ya DX (alama ya Nikon kwa kamera za sensa ndogo). Inapenda giza, na haibani sana. Ila kamera hizo hazina mota ya fokasi, ile inayozungusha lenzi picha iwe kali, ndani ya bodi. Lenzi za zamani zenye alama ya AF-D zitaingia vizuri tu, lakini utazungusha fokasi kwa mkono, na bibi harusi hatakusubiri. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani.

Ukienda kununua, beba tochi. Mulika lenzi kwa nyuma, uangalie kwa mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, iache. Huku pwani unyevu ni mwingi, kwa hiyo hata yako ukishaipata usiilaze kwenye begi. Itie kwenye bakuli la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Kabla hujalipa, niandikie hapa maandishi yote ya kwenye pete ya lenzi, nitakuangalizia.