Usitume hiyo hela ya kozi ya thieta kabla hujajua nani atakupa leseni

Mdogo wangu wa Uyole, usitume hiyo hela. Umeandika kwamba kesho wakala anakuja kufuatilia nusu ya ada ya kozi ya "teknolojia ya upasuaji", yaani kazi ya thieta, chumba cha upasuaji, miezi tisa, cheti cha kimataifa, ukimaliza unaskrabu (unasimama mezani unampa daktari vifaa wakati wa upasuaji) hospitali yoyote nchini au unapanda ndege kwenda Marekani. Ukauliza kama miezi tisa inatosha, sare ni za rangi gani, chumba cha kupanga jirani na Mwanjelwa ni bei gani, na kama D ya Fizikia itakukwamisha. Walionitangulia kukujibu hapa wamekupa hongera na bei za vyumba. Jamani, mtoto wa watu anaibiwa na ninyi mnampangishia chumba!

Kozi hiyo nimeisoma. Pengine si chuo hichohicho, ila maneno ni yaleyale, mpaka hilo la "cheti cha kimataifa".

Kwetu ni Mufindi. Mzee alikuwa na shamba la paina alilopanda kwa ajili ya uzee wake. Wakala alikuja nyumbani na brosha, akakaribishwa chai, akamwambia mzee kwamba watu wa thieta ni wachache mno nchi hii na nafasi zinafungwa Ijumaa. Mzee akauza miti michanga. Anayeijua biashara ya miti ataelewa nasema nini. Paina ikiuzwa haijakomaa, mnunuzi hahesabu mbao, anahesabu shida uliyo nayo. Ile miti sasa imekomaa na inapasuliwa mbao na tajiri mmoja wa Makambako. Kila nikipita kwenda nyumbani naiona.

Chuoni tulikuta chumba kimoja chenye kitanda, sanamu la mgonjwa na boksi la vifaa ambalo nusu yake ni koleo zilizoota kutu. Majina ya vifaa tulikariri kwenye fotokopi zilizofifia hadi mkasi na koleo ya kubana mshipa vinafanana. Glovu tulizofundishiwa kuvaa zilikuwa zilezile: zinavaliwa, zinafuliwa, zinaanikwa dirishani, zinavaliwa tena. Hapo ndipo tunafundishwa usafi wa thieta! Tukiuliza habari ya fildi, mafunzo ya vitendo hospitalini, tunaambiwa barua ziko njiani, muhula ujao, mkurugenzi amesafiri.

Mwisho barua nilipewa, nikaenda nayo hospitali moja kubwa. Sista aliyekuwa incharji wa thieta akaisoma yote, akaikunja, akaniuliza, "Mwanangu, ninyi baraza lenu ni lipi?" Sikuwa na jibu. Wala hakunifukuza. Alinipeleka hadi kwenye mstari mwekundu ambao asiye wa thieta havuki, akanionyesha kwa mbali ubao ukutani ulioandikwa idadi ya swabu, vile vitambaa vya kufyonza damu. Akanieleza kwamba zinahesabiwa kabla mgonjwa hajachanwa, zinahesabiwa tena kabla tumbo halijafungwa, na tena wakati ngozi inashonwa. Anayeskrabu na mwenzake anayezunguka kuleta vifaa wanahesabu pamoja, kwa sauti. "Sasa ikipungua moja," akasema, "mimi Baraza la Uuguzi na Ukunga litaniita na leseni yangu. Wewe utaitwa na nani?"

Hilo ndilo swali la kumuuliza wakala wako kesho. Usimuulize sare wala miezi. Muulize: nikimaliza, ni baraza gani linanisajili na kunipa leseni, na kozi hii iko wapi kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi? Kisha nyamaza umsikilize. Ataanza kukuambia habari za soko la ajira.

Na hapa naomba usome taratibu, maana ndipo tuliponaswa wengi. Chuo chetu kilikuwa kimesajiliwa kweli. Cheti cha usajili kilikuwa kwenye fremu pale mapokezi, mzee alikisoma kwa macho yake akaridhika. Kilichosajiliwa ni chuo, na kozi zake zilizoidhinishwa zilikuwa nyingine kabisa, hazina uhusiano na hospitali. Hii ya upasuaji waliipachika wenyewe kwenye brosha. Siku hizi nikifungua pakiti ya vifaa kutoka kwenye autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nalikumbuka lile fremu. Ile tepu ya nje ikishatoa mistari myeusi inakuambia pakiti imepita kwenye joto, basi. Haikuambii kwamba mvuke umefika ndani, ndiyo maana tunaweka kiashiria kingine katikati ya vifaa, na hicho ndicho tunachokiangalia kabla mtu hajagusa kitu. Cheti cha ukutani ni hiyo tepu ya nje. Tafuta cha ndani: jina la kozi yako, neno kwa neno, kwenye mwongozo wa udahili ambao NACTVET huutoa kila mwaka, mbele ya jina la chuo hicho. Jina la chuo peke yake halitoshi. Ukikuta kozi inayofanana jina kidogo, hiyo siyo.

Yule wakala hasira naye haijaniisha. Alikuwa anajua. Wazazi walipoanza kupiga simu alibadilisha laini. Alikuwa analipwa kwa kila kichwa anachokipeleka, na alikuwa anachagua nyumba zenye mashamba na ng'ombe, ambako mzazi hana mtu wa karibu wa kumuuliza. Na wako anataka hela itumwe kwenye namba yake binafsi, umeandika mwenyewe hapo juu! Chuo kilicho tayari kuwajibika juu ya hela yako kina akaunti kwa jina la chuo, au kinakupa kontroli namba, na risiti.

La Marekani. Huko kazi hiyo ipo kweli, ni taaluma kamili na ina chama chake tangu 1969. Lakini mtihani wa kupata ile hadhi ya CST, fundi wa upasuaji aliyethibitishwa, unasimamiwa na NBSTSA, bodi yao ya mitihani, na njia ya kawaida ya kuufikia ni kuhitimu programu iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES, vyombo vya hukohuko vya kuidhinisha mafunzo. Mwanafunzi wa programu hizo anatakiwa aingie kwenye upasuaji 120 wa wagonjwa halisi, na kila mmoja unaandikwa. Wewe wa kwenye chumba chenye sanamu utaandika nini? Hicho cheti cha kimataifa, nje ya geti la chuo hakina mtu wa kukipokea.

Hapa kwetu anayeskrabu kwa kawaida ni muuguzi. Njia yake ni ndefu kuliko miezi tisa: diploma ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, halafu unafanya mtihani wa baraza, unasajiliwa, unapewa leseni, ndipo unaomba kupangiwa thieta na kujifunza chini ya waliokutangulia. Baadaye unaweza kujiendeleza zaidi. Mimi nilianza upya kwa njia hiyo na sasa nasimama pale mezani kila wiki. Kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla hajachanwa, na kabla hajatolewa thieta, tunasimama tunasoma ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, na kila mmoja anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Siku ya kwanza niliyotaja jina langu na kusema "muuguzi anayeskrabu" sauti ilinikwama.

D yako ya Fizikia isikunyime usingizi. Kwa uuguzi wanaangalia ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia yakiwemo, na D ni ufaulu. Tena huhitaji kwenda mbali: Ilembula kuna chuo cha uuguzi ubavuni mwa hospitali, wanafunzi wanatoka darasani wanaingia wodini. Na hicho nacho usikiamini kwa sababu mimi nimekitaja. Kiangalie kwenye mwongozo wa mwaka huu kama nilivyokueleza.

Leo mwambie mama hela isitoke ndani. Wakala akija kesho mwombe aandike kwa mkono wake jina kamili la kozi, namba ya usajili ya chuo na jina la baraza, uipige picha hiyo karatasi uiweke hapa. Nina zamu ya usiku lakini asubuhi nikitoka nitaifungua, tuitafute pamoja.