Usaha umetolewa, mbona presha inazidi kushuka?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni tabibu hospitali ya wilaya. Tulimpokea kijana mwenye homa ya matumbo, utumbo umetoboka. Alipasuliwa, tundu likashonwa, tumbo likaoshwa, na dawa za bakteria anapata. Damu iliyooteshwa maabara haikutoa mdudu yeyote, lakini usiku uleule presha ilishuka na mkojo ukawa haba. Nasikia ni saitokini, zile kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kuitana na kuamshana. Kama ndizo, kwa nini hatuna dawa ya kuzizima?

Jibu: Ndugu tabibu, kwa sehemu kubwa ni zenyewe. Ila saitokini hizohizo ndizo zilizomfikisha kijana wako mezani akiwa hai.

Kinyesi kinapomwagika tumboni, makrofaji, yaani chembe za kinga zinazomeza wadudu, waliopo pale hunasa vipande vya ukuta wa bakteria kwa kipokezi kiitwacho TLR4. Muda si mrefu hutoa saitokini: TNF na intalukini-1, kisha intalukini-6 na 8. Ile ya 8 huita chembe nyeupe. Nyingine hulegeza mishipa midogo ili plasma, yaani majimaji ya damu, ivuje. Bila shaka ulipofungua tumbo uliona utando wa rangi ya maziwa yaliyoganda, umegandisha matumbo na mafuta yake pamoja. Hiyo ni fibrini, nyuzi za protini zinazogandisha damu, iliyotokana na plasma ile, na kazi yake ni kuwafungia bakteria mahali pamoja. Kwenye majimaji ya tumbo saitokini huwa nyingi mno kuliko kwenye damu, na pale zinahitajika.

Balaa huanza zinapomwagikia damuni. Mishipa ya mwili mzima hulegea na kuvuja, presha huanguka, figo hukosa damu. Hakuna haja ya bakteria hai kuwamo kwenye mzunguko, na kama dawa zilitangulia kabla ya damu kuchukuliwa, maabara ndiyo kabisa haitaotesha kitu.

Kuzizima kulijaribiwa. Mwaka 1985 panya waliokingwa dhidi ya TNF walistahimili sumu ya bakteria, matumaini yakawa makubwa. Lakini mwaka 1990 panya waliotobolewa utumbo kwa kiasi ambacho wangepona walikufa walipozuiwa TNF. Walikuwa na bakteria hai tumboni, kama mgonjwa wako. Kisha mwaka 1996 yakatoka matokeo ya wagonjwa 141 wenye mshtuko wa maambukizi: waliopewa dawa bandia walikufa asilimia 30, waliopewa dozi kubwa ya kizuia TNF asilimia 53. Namba hizo hunitia uzito kila ninapozikumbuka.

Kwa hiyo usiku ule kazi yako ni maji ya mshipani, noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) kama mnayo, hewa ya oksijeni, na kupima mkojo kila saa: usipungue nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake.

Ila akizorota tena siku ya tatu au ya nne, usiseme “ni saitokini tu”. Niliwahi kusema hivyo, nikangoja siku mbili. Tulipofungua tena tulikuta tundu jipya, sentimita chache kutoka lile tuliloshona. Homa ya matumbo hutoboa zaidi ya mara moja. Pima kwa altrasaundi kama ipo, tafuta jipu, na mwite mpasuaji mapema, hata kama ni saa nane za usiku.