Notre Dame na ACC: mguu ndani, mguu nje

Watu huuliza iweje Notre Dame, chuo kikuu cha Marekani, wawe wanachama wa ACC (umoja wa michezo wa vyuo vikuu) halafu kwenye futiboli ya Kimarekani huwaoni kwenye msimamo. Jibu ni televisheni. Tangu 1991 NBC, kituo cha televisheni, ndio wanaoonyesha mechi zao za nyumbani, na mkataba huo ni wao peke yao. Wakiingia ACC kwa futiboli, haki hizo zinatiwa chungu kimoja na za wenzao, wagawane. Nani atakubali kirahisi?

Basi walipojiunga 2013 walipatana hivi: kikapu, soka na michezo mingine mingi wamo, futiboli hapana, ila kila mwaka wacheze na timu za ACC kama mara 5. (Hoki ya barafuni wako Big Ten, umoja mwingine wa vyuo, maana ACC hawana kabisa.) Na wakitaka kuingia umoja wowote kwa futiboli kabla ya 2036, lazima uwe ACC.

Kwa futiboli wamewahi kuingia ACC mara moja tu, msimu wa korona wa 2020, ratiba zilipovurugika. Hapo hela ya NBC ikawekwa mezani, ikagawanywa sawa kwa vyuo vyote 15. Novemba wakaipiga Clemson, wenzao wa ACC, 47–40 nyumbani kwao South Bend, muda wa nyongeza mara mbili, mashabiki wakavamia uwanja, korona na yote. Desemba wakakutana tena fainali ya ACC, Notre Dame wakachapwa 34–10. Mwaka uliofuata wakarudi zao kujitegemea, na NBC wameshaongeza mkataba hadi 2029.