Zaidi ya "very funny"

Umeuliza Waingereza na wenzao husema nini mtaani, badala ya "very funny", kwa mtu au kitu kinachovunja watu mbavu. Anza na "hilarious". Si la mtaani hasa, lakini linakubalika kila mahali, na halihitaji kutanguliwa na "very" maana uzito umo tayari.

Ukitaka la kijiweni zaidi, kuna "she's a riot", "he's a hoot" au "a scream". Hizo ni nomino, kwa hiyo usiisahau ile "a". "Hoot" limezeeka kidogo. Ukilitumia utasikika kama babu, ingawa mimi nalipenda. Ireland wana "gas": "he's gas" ni sifa, wala haihusu tumbo. Vijana wa London nao husema "that's jokes".

Hapo kwenye "joke" kuwa makini. "He's a joke" ni tusi, yaani mtu huyo hafai kitu. "Hysterical" nalo lina pande mbili: kichekesho kilichopita kiasi, au mtu aliyepagawa kwa hofu au kilio. Kwa video au stori ni sawa. Kwa mtu, hasa mwanamke, liepuke tu, linaudhi.

Kwenye meseji wengi huandika "I'm dead" au huweka emoji ya fuvu. Usianze kutoa pole, mtu anacheka. "LOL" (kifupi cha "laughing out loud", yaani nacheka kwa sauti) liliingizwa kwenye kamusi kubwa ya Oxford mwaka 2011, na siku hizi watu huliandika hata bila kutabasamu.