Barua kwa mwanangu: binti aliyekataa kupasua chura

Mwanangu,

Waaleikumu salaam, na marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia alfajiri baada ya swala. Unasema binti mmoja wa kidato cha sita ameweka mkasi mezani na kusema hampasui chura, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kumuua. Mkuu wa idara anataka umpe sifuri ili wenzake wasiige. Nawe unaniuliza: "Mama, wewe umefundisha baiolojia miaka yote hiyo, huyu ana hoja au anakwepa kazi?"

Ana hoja. Hadithi anayoisema ipo, imepokewa katika mkusanyiko wa Abu Dawud: tabibu alimwuliza Mtume kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Tazama aliyeuliza ni nani. Ni tabibu, na alitaka dawa, hakutaka mchezo. Basi usije ukamwambia mtoto kwamba mambo ya dini hayaingii maabara. Wanazuoni wana maelezo yao marefu juu ya elimu na dharura, nami si mwanachuoni. Lakini mtoto aliyekua na maneno hayo hawezi kuyaacha mlangoni kama viatu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza. Ulikuwa hujazaliwa, mimi ni mwalimu mgeni, ni masika. Vijana walikwenda usiku na tochi, wakarudi na ndoo mbili za vyura zimefunikwa gunia. Klorofomu, dawa ya kuwalaza vyura kabla ya kuwapasua, ilikuwa imebaki kidogo mno chupani. Badala ya kuahirisha kipindi, niliigawa hivyo hivyo, tone kwa tone kwenye pamba, kila mtungi ukapata chake. Kipindi kikaanza. Msichana wa meza ya mwisho akaniita kwa sauti ndogo. Alishafungua tumbo, ngozi ameibana kwa pini huku na huku juu ya nta. Moyo ulikuwa unadunda. Hilo peke yake lisingenishtua, maana moyo wa chura huendelea kudunda hata akishakufa, na wanafunzi hupenda kuutazama. Kilichonishtua ni mguu. Alikuwa anauvuta, anajaribu kuuchomoa kwenye pini.

Alikuwa jike. Mayai yamemjaa, meusi, madogo kama mbegu za mchicha.

Nilimmaliza mwenyewe, nikamwambia msichana aendelee kuchora. Akachora, mkono unatetemeka, nami nikampa alama nzuri. Jioni nilisaidiana na fundi wa maabara kumwaga ndoo shimoni: vyura arobaini na kitu, kila mmoja amefunguliwa mara moja, kwa kipindi kimoja. Yule msichana hakusema neno. Mimi ndiye niliyepaswa kusema, nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo.

Mkuu wako wa idara atakwambia mbona mbuzi tunachinja. Tunachinja, ndiyo. Lakini tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama, na nyama tunakula. Mimi siku ile sikunoa kisu, na tulichokipata ni michoro iliyokuwa kitabuni tayari.

Sisemi kupasua hakufundishi. Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya. Ini lina uzito wake mkononi, utumbo unateleza, na hakuna picha inayokuonyesha jinsi viungo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka uvifunue wewe. Ninachokataa ni hesabu ile ya kila mwanafunzi na chura wake, na kumwona asiyetaka kuwa mvivu.

Binti huyo si wa kwanza duniani. Kule California, mwaka 1987, msichana wa sekondari aitwaye Jenifer Graham alikataa kumpasua chura, jambo likafika mahakamani, na mahakama ikaona shule inaweza kumtafutia chura aliyekufa kifo chake mwenyewe. Yeye alikuwa anakataa kuua, hakuwa anakataa kujua. Mwaka 1988 jimbo likatunga sheria: mwanafunzi mwenye pingamizi la dhamiri alete barua ya mzazi, na mwalimu anaweza kumpa kazi nyingine ya kujifunzia. India nako, tume inayosimamia vyuo vikuu ilianza kupunguza upasuaji huu mwaka 2011, na mwaka 2014 ikauondoa katika masomo ya zuolojia. Ndiyo India hiyo hiyo tulikopeleka wagonjwa wetu wa moyo miaka na miaka.

Na wewe uko Morogoro, karibu na milima ile. Hao vyura wanaoletwa kwenye ndoo, unawajua ni wa aina gani? Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wa aina inayopatikana bonde la Kihansi tu, kule milima ya Udzungwa, walipelekwa Marekani wakalelewe, huku nyumbani wakaisha kabisa, na mwaka 2012 ndipo wakaanza kurudishwa. Sisemi vijana wako wanafika Kihansi. Nakuomba tu uangalie ndani ya ndoo.

Mtihani wa taifa una madai yake, na hapo usimfiche mtoto. Karatasi ya vitendo ikimtaka apasue, alama zile anaweza kuzikosa. Aambiwe sasa, yeye na wazazi wake, waamue wakijua. Ukiwapigia, wapigie kwa heshima, wasidhani umepiga kumshtaki binti yao. Lakini sifuri ya mazoezi ya darasani haitoki Baraza la Mitihani. Hiyo utakuwa umeiandika wewe.

Jumamosi amka mapema, uende buchani kabla hawajaanza kukatakata. Chukua mioyo mitatu ya ng'ombe na pafu moja lenye koo lake. Mwambie mwenye bucha asiikate mishipa ya juu, maana wao huiondoa, na bila mishipa hutaweza kuwaonyesha damu inakotokea na inakoingia. Tia kidole kwenye mshipa mkubwa, kitokeze ndani ya chumba cha kushoto, wakione. Kwa chura, mpasue mmoja tu wewe mwenyewe, klorofomu ikiwa ya kutosha, na asiyetaka kutazama atoke nje bila kuulizwa. Moyo wa kwanza wa ng'ombe mpe yule binti aufungue yeye.

Mama yako